Kumwandikia wasifu baba mstaafu ukiwa ughaibuni

Msiba wa baba aliyetumikia serikali ukikukuta uko Toronto au London, kazi moja ambayo nyumbani watakukabidhi karibu kila mara ni kuandika wasifu wa marehemu. Wao wanahangaika na jeneza, maturubai, chakula cha waombolezaji na usafiri wa kwenda kijijini. Wewe una kompyuta na uko mbali na jiko. Ipokee kazi hiyo kwa uzito wake. Mtumishi wa umma wa Tanzania aliyehamishwa mikoa minne au mitano aliacha watu kila kituo, na kila mmoja anamjua kwa kipande chake. Wasifu ndio utakaoviunganisha vipande hivyo, mara moja, mbele ya wote.

Wasifu mwingi unaosomwa misibani unaharibika mahali pamoja: sifa zinachukua nafasi ya kazi. "Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu." Maneno hayo yanamfaa marehemu yeyote. Mzee aliyekuwa bwana shamba astahili kuandikwa kwamba mwaka fulani, wilaya fulani, alizunguka kwa baiskeli kwenye vijiji fulani akifundisha nafasi za kupanda mahindi. Wasikilizaji wenyewe watajua kwamba huo ni uchapakazi.

Pa kuanzia ni faili lake. Wastaafu wengi walitunza nakala za barua zao, kwa sababu bila hizo mafao yasingekamilika. Mwombe mdogo wako au binamu aliyeko nyumbani atafute jalada la kaki kabatini, kwenye sanduku la bati au chini ya godoro. Unachohitaji ni barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, za uhamisho, na ya kustaafu. Apige picha mchana karibu na dirisha bila kuwasha flashi, karatasi ikiwa imelazwa mezani, kila ukurasa picha yake, mbele na nyuma. Pini zilizoshika kutu asizivute kwa nguvu. Karatasi nyepesi za nakala ya kaboni huchanika hapo hapo. Na zile halisi zisitoke nyumbani, hata kama unatamani kuwa nazo. Familia itazihitaji.

Barua ya serikali ina mengi zaidi ya kichwa chake cha habari. Tuseme unashika ile iliyoandikwa "YAH: UHAMISHO". Juu kuna Kumb. Na. na tarehe, chini kuna sahihi ya mtu aliyeandika k.n.y. (kwa niaba ya) mkuu wake, kisha orodha ya nakala. Orodha hiyo ndiyo hazina: inakuonyesha ofisi aliyotoka, ofisi aliyokwenda, na mara nyingine mhasibu aliyetakiwa kulipa posho ya uhamisho. Ila tarehe ya barua siyo tarehe ya kuripoti. Barua ya Novemba ingeweza kumaanisha kuhama Februari, baada ya gari kupatikana na watoto kuandikiwa uhamisho wa shule. Ukikosa uhakika, andika mwaka peke yake. Ukitaja mwezi usio sahihi, atainuka mtu msibani kukusahihisha.

Sasa majina ya mahali na ya ofisi, ambako sisi tuliokulia baadaye hukosea zaidi. Ramani ya mikoa imebadilika mara nyingi. Mzee aliyefanya kazi Babati mwaka 1985 alikuwa mkoa wa Arusha. Manyara ilizaliwa 2002. Njombe ilikuwa Iringa na Mpanda ilikuwa Rukwa hadi 2012, mwaka ambao Geita na Simiyu pia zilipata kuwa mikoa. Vwawa ilikuwa Mbeya hadi Songwe ilipoanzishwa 2016. Nyuma zaidi, Bukoba ilikuwa makao makuu ya mkoa wa Ziwa Magharibi kabla ya jina la Kagera. Mtindo mzuri ni kuandika jina la wakati ule kisha la sasa: "Mpanda, wakati huo mkoa wa Rukwa, sasa Katavi". Wazee wataridhika na wajukuu wataelewa.

Ofisi nazo ni hivyo hivyo. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na za wilaya zikarudi 1984. Ukiandika kwamba mwaka 1979 baba aliajiriwa na halmashauri ya wilaya, aliyekuwa naye kazini atatikisa kichwa. Kama alikuwa reli, posta au bandari kabla ya 1977, mwajiri wake huenda alikuwa shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kuvunjika kwa Jumuiya ni sehemu ya maisha yake ya kazi, usiiruke. Mwalimu aliyeingia darasani miaka ya 1970 karibu lazima aliguswa na UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na ofisa wa wilaya wa miaka hiyo aliguswa na Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Andika alifanya nini hasa katika mambo hayo, hata pale ambapo kumbukumbu yake ni nzito. Aliyehamisha watu kwa amri ya serikali alibeba kumbukumbu hiyo mpaka uzeeni, na kuificha hakumtukuzi.

Tarehe ya kuzaliwa italeta ubishi. Wengi wa kizazi hicho hawakusajiliwa walipozaliwa. Tarehe iliyomo kwenye faili ilitokana na cheti cha ubatizo, daftari la shule au kiapo, na shangazi ana yake inayofuata mwaka wa njaa fulani. Kwenye wasifu, msalabani na kwenye cheti cha kifo tumieni moja, ile ya kumbukumbu za kazi, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kwenye mafao. Majina vilevile: kama kitambulisho cha taifa kinasema Yohana na faili linasema John, toeni taarifa hiyo mapema, maana tofauti hiyo itadai kiapo baadaye kila mtakapokwenda.

Makaratasi yakiisha, piga simu. Usiwatafute wakubwa peke yao. Dereva, karani wa masjala na mhudumu wa ofisi waliona mengi ambayo mkurugenzi hakuyaona. Piga simu ya kawaida, siyo ya intaneti inayokatika katika, asubuhi ya kwao. "Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa marehemu, yule mliyekuwa naye Kondoa." Mpe muda akupe pole kwanza, hiyo haiharakishwi. Kisha uliza vitu vyenye jibu: Alikaa nyumba gani? Familia ilikuja naye au ilibaki? Mishahara ilipochelewa aliishije? Nani alisoma akikaa kwake? Swali hilo la mwisho limebeba ubaba wake wote. Baba wengi wa serikalini walisomesha wapwa, mashemeji na watoto wa majirani kwa mshahara mmoja, na hao ndio wamesimama nyuma ya maturubai bila kutajwa.

Sehemu ya familia iandikwe kwa uangalifu kuliko zote. Idadi ya watoto ikubaliwe na mama, au mkubwa wa ukoo, kabla ya kuchapwa. Mtoto wa nje akiachwa, minong'ono huanza kaburini na kufika kwenye kikao cha mirathi. Kwenye ugonjwa, sentensi mbili zinatosha: alianza kuugua lini, alitibiwa wapi, mauti yalimkuta lini. Majibu ya vipimo ni siri yake. Shukrani kwa madaktari, majirani na mwajiri wake wa zamani zikae mwisho, kisha "Bwana alitoa na Bwana ametwaa" au "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" kulingana na imani yake. Kwa Waislamu maziko hayangoji, hivyo wasifu kamili uandaliwe kwa ajili ya khitma au arobaini; siku ya kwanza tanzia fupi inatosha.

Urefu: maneno 600 hivi, ukurasa mmoja na nusu. Hiyo ni dakika tano au sita kwa msomaji asiyekimbia. Herufi ziwe kubwa, maana msomaji atasimama juani akiwa na machozi. Tuma faili mapema na mtu achapishe nakala mbili; umeme ukikatika asubuhi ya maziko, kilichomo kwenye simu hakisaidii. Kama utafuatilia ibada mtandaoni, piga hesabu ya saa vizuri: saa 4 asubuhi ya Dodoma ni saa 1 asubuhi London wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Toronto ni saa 8 usiku, au saa 9 wakati wa kiangazi. Ndugu wakikuandikia "saa nane", hakikisha ni mchana na ni ya kwao.

Barua ulizopigiwa picha zina kazi nyingine inayoanza wiki hiyo hiyo. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30, kwa tangazo la kifo kutoka hospitali au kwa viongozi wa mtaa kama alifia nyumbani. Kisha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, waarifiwe, au Hazina kwa wastaafu wa zamani wanaolipwa huko. Kadi yake ya benki isiguswe: pensheni ikiendelea kuingia baada ya kifo, fedha hiyo hudaiwa, na anayedaiwa huwa ni yule mama aliyetumwa kuitoa. Kwenye mirathi, ukoo umteue msimamizi aliyeko nchini. Mahakama ya Mwanzo inamtaka awasilishe orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na kuitwa mahakamani hakungoji likizo yako. Yeye ndiye akabidhiwe lile jalada la kaki, kwa orodha iliyosainiwa, barua moja moja.