Nilivyoujua umri wa nyumba ya babu, Ukerewe

Ndugu zangu walitaka kuibomoa nyumba ya babu kule Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ili tujenge ya kisasa. Niliwaomba miezi miwili tu, nijue kwanza tunabomoa nini.

Karatasi hakuna. Nilimuuliza shangazi ilijengwa mwaka gani, akanijibu, "Baba, miaka ni yenu nyie mliosoma." (Nimerithi jina la babu, ndiyo maana ananiita baba.) Nikakwama wiki nzima. Kisha nikageuza swali: ziwa lilipopanda, wewe ulikuwa unalala chumba kipi?

Hapo akafunguka. Mvua za mwaka wa uhuru, 1961, zililijaza ziwa, na kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Akanishika mkono tukashuka hadi kwenye mwembe wa tatu, akanionyesha kovu linalozunguka shina, pana kama kidole. Mitumbwi ilifungwa pale, kamba ikala ganda. Siku hiyo kutoka mwembe huo hadi majini ulikuwa mwendo kabisa.

Ndani, kwenye boriti ya chumba cha mbele, kuna kulabu ya chuma. Miaka yote nilidhani ni ya kutundikia karabai. Mzee jirani akanisahihisha: ilikuwa ya mizani. Wakulima wa pamba walikuwa wakipunjwa na wanunuzi, basi wakaja kupima kwanza kwa babu, wakaenda sokoni wanajua uzito wao. Hayo yalikuwa kabla vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa havijaungana mwaka 1955. Nilisimama chini ya ile kulabu muda mrefu. Sehemu inayobeba uzito imelika, inang'aa.

Sakafu ndiyo iliyonipa mwaka wa kuanzia kuhesabu. Fundi alipong'oa kizingiti kilichooza, chini ya saruji ilitoka senti kumi ya shaba, ile yenye tundu katikati, ya mwaka 1942. Kwa hiyo saruji haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ila chini yake kuna sakafu nyingine, ya udongo uliokandwa, na kuta zimeanzia kwenye hiyo. Nyumba ni kongwe kuliko saruji yake.

Niliwasomea ndugu zangu haya yote jioni moja barazani. Nyumba mpya itajengwa upande wa juu, nyuma ya minyaa. Kulabu imebaki kwenye boriti. Senti anayo shangazi, kaifunga kwenye pindo la kanga.