Miezi mitatu ya kuanguka

Nilipoanza judo nilijua wiki ya kwanza tu ntakuwa nawabwaga watu. Wapi! Miezi mitatu mwalimu katuangusha tu. Kidevu kifuani, pumzi nje, mkono mzima upige mkeka pale mwili unapotua, ili kishindo kisambae kisikae pahala pamoja. Wajapani wanaiita ukemi. Jigoro Kano alianzisha mchezo huu Tokyo mwaka 1882, na jina lenyewe ni "njia ya upole". Upole gani, mgongo wangu ndo unaujua.

Masika ikaja, nikapata kisingizio. Mvua leo, matope kesho, mwezi mzima sijatia mguu. Nikarudi na kiburi changu kile kile. Kijana mdogo, hata ndevu hana, akanifagia mguu, nami badala ya kupiga mkeka nikatanguliza kiganja. Kifundo cha mkono kikavimba kama andazi. Haki yangu.

Sasa kila nikitoka kusali Alfajiri natandika godoro la zamani uani, naanguka mara hamsini. Bi mkubwa anachungulia dirishani: "Huyu mtoto kapandisha nini?"

Juzi sokoni Darajani, kwenye samaki, sakafu imerowa, nikateleza. Sikufikiri kitu. Kidevu kifuani, mkono paa! Nikainuka mzima. Muuza pweza akanitazama, akaniuliza: "Wewe umeanguka au umelala?"

Changu wangu wawili lakini waliingia kwenye mtaro.