Giza linataka taa nzuri: kuonyesha noir ya Kijapani ukumbini

Filamu ya zamani ikionekana imefifia, watu husingizia uzee. Mara nyingi kosa liko kwenye projekta. Noir, yaani filamu za uhalifu zenye giza na vivuli vizito, ndiyo huumbuka kwanza, maana sehemu kubwa ya picha yake ni kivuli, na kivuli kikigeuka kijivu hakuna kilichobaki cha kutazama.

Chukua filamu mbili za Akira Kurosawa, zote akicheza Toshiro Mifune. Nora inu, yaani mbwa koko, ni ya 1949 na ina dakika 122. Tengoku to jigoku, mbingu na jehanamu, ni ya 1963, dakika 143. Mwongozaji ni yuleyule, lakini ukizipitisha kwa mpangilio mmoja wa mashine, moja utaiharibu.

Ya 1949 inakaribia mraba: upana 1.37 kwa kimo 1. Kwenye faili la kidijitali la 2K, yaani lenye upana wa pikseli kama 2,000, inakaa katikati ya fremu ya 1998 kwa 1080, ikichukua upana wa pikseli 1480 tu. Pembeni hubaki pikseli 259 kila upande, na hizo ni za kufunikwa na mapazia ya skrini. Mapazia yasiposogezwa, weusi wa projekta huonekana kama vumbi la majivu pande zote mbili, na jicho likishazoea kijivu hicho, usiku wote wa ndani ya filamu unapauka. Anayekuza picha ili ijaze skrini hufanya vibaya zaidi: vichwa vinakatwa juu, maandishi ya tafsiri yanakatwa chini.

Ya 1963 ni Tohoscope, mfumo wa picha pana wa kampuni ya Toho, 2.35 kwa 1. Ukiwa na kopi ya milimita 35, picha imebanwa upana nusu, hivyo unahitaji lenzi ya kuitanua mara 2 na bati la fremu (lile linalokata kingo za picha ndani ya projekta) linalolingana nayo. Hapa usikisie. Karibu saa nzima ya kwanza tuko sebuleni kwa Gondo, tajiri wa kampuni ya viatu, na polisi, mke na dereva wamepangwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikata kidogo pembeni unampoteza dereva, naye ndiye ambaye mtoto wake ametekwa.

Filamu ya milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika. Dakika 143 ni takriban mita 3,900, yaani rili (magurudumu ya filamu) 7 au 8. Kwa projekta mbili zinazopokezana rili, tazama kona ya juu kulia ya picha: alama ya kwanza hutokea zikibaki kama sekunde 8, washa mota ya projekta ya pili; alama ya pili hutokea ikibaki kama sekunde 1, badilisha projekta. Kwa picha iliyotanuliwa alama huonekana kama yai. Jambo jingine: kopi ya nyeusi na nyeupe ina madini ya fedha ndani yake, nayo hufyonza joto la taa kuliko kopi ya rangi. Filamu hujikunja kidogo mbele ya taa na picha kupoteza ukali. Baada ya dakika moja ya kila rili, rudi ukague fokasi.

Katika ya 1963 kuna moshi wa waridi pia, rangi pekee katika filamu nzima, unaotoka kwenye bomba la moshi baada ya mikoba ya pesa za fidia kuchomwa. Kopi iliyochapwa yote kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe haina waridi hilo. Ukague kabla ya kuuza tiketi, kwa sababu hakuna namna ya kulirudisha usiku wa onyesho.

Mwanga sasa. Kwa dijitali lenga kandela (kipimo cha mwanga) 48 kwa mita ya mraba katikati ya skrini, upime kwa kifaa, jicho hudanganya. Kosa la kizembe kuliko yote ni kuacha kichujio cha 3D mbele ya lenzi; humeza zaidi ya nusu ya mwanga. Futa na kioo cha kidirisha cha chumba cha projekta, pande zote mbili.

Tafsiri ikirushwa na projekta ndogo ya pembeni, iweke chini ya picha, kamwe isiwe juu yake. Hata isipoandika kitu, projekta hiyo hurusha mwanga hafifu. Kipande cha kadibodi mbele ya lenzi hukata unaozidi. Na kwa Nora inu, ambayo ni joto kali la Tokyo na mashati meupe mwanzo hadi mwisho, herufi nyeupe juu ya picha hupotelea vifuani mwa watu.

Sauti ya 1949 ni ya mkondo mmoja: spika ya katikati peke yake. Kuisambaza ukumbi mzima huifanya iwe kama redio ndani ya pipa.

La mwisho ni taa za ukumbi. Kumbi nyingi zimeziwekea amri ya kuwaka majina ya waigizaji yanapoanza kupanda, dakika kadhaa kabla ya faili kuisha. Filamu hizi huweka majina mwanzoni. Amri hiyo ikibaki, taa zitawaka Gondo akiwa amemtembelea mtekaji gerezani, sura yake na ya mtekaji zikiwa zimepandana kwenye kioo, kabla shata la chuma halijashuka. Ifute, uwashe kwa mkono.