Ya Urusi unayajua yote

Jumatano, 23 Februari 2022

Watoto wamelala, baba watoto yuko sebuleni na marudio ya mpira, mi nimejifungia chumbani na feni inayolia na bado niko uani kwa mama mkwe, Jumamosi ile, nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele.

"Wewe mwanangu ya Urusi unayajua yote. Ya wifi yako umeyajua lini?"

Ndo hiyo tu jamani. Hakuinua hata uso, alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi na mkono haukusimama, kama vile kaniuliza chumvi iko wapi. Nikajibu, "Alhamisi, mama." Akasema, "Ehe."

Sasa hiyo ehe. Nimeigeuza kila upande. Kuna ehe ya umeona sasa, kuna ehe ya basi yameisha, na kuna ile ehe ya watu wazima ambayo ukiifuata ndani unapotea. Nikiwa naoga naisikia. Jana niko studio nasubiri muziki ushuke nisome, naisikia.

Ngoja nieleze ilivyokuwa. Wifi yangu mdogo (yule wa stori ya pikipiki, mnamjua) ameletewa barua ya posa Jumamosi. Alhasili wanawake tuko uani, wengine mchele, wengine vitunguu, shangazi yao kakaa kwenye kigoda anasimamia, na mi ndo naulizwa habari za dunia maana kila shughuli ni hivyo hivyo, "haya mtangazaji tupe." Nikawapa ile ya meza. Kwamba Macron alikwenda Moscow tarehe 7 kumsihi Putin asiingie Ukraine, akakalishwa upande huu na mwenyeji wake upande ule wa meza nyeupe wanasema ina mita sita, na sababu iliyokuja kutoka baadaye ni kwamba Mfaransa alikataa kupimwa korona na madaktari wa Kirusi, basi na yeye akawekwa mbali. Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa hapo mtu anaombaje chumvi?" Uani pote wanacheka, mi ndo nimeanza kunoga, nanyoosha mikono kuonyesha urefu wa meza, na hapo ndo mama akaniuliza ya wifi yangu nimeyajua lini.

Na wenzangu wote walikuwa wamevaa sare. Hiki ndo sijakisema kwa mtu. Kitenge cha njano chenye maua ya bluu, kimeshonwa, kimetiwa na rinda, na fundi wetu wa Barabara ya 10 hata umpigie magoti hakutolei gauni kwa siku mbili, maana yake hawa wamejua tangu huko mwanzoni mwa mwezi, wamenunua, wamepima, wameshonesha, wamefuata. Mi nimeambiwa Alhamisi kwa simu, niko kazini, mume wangu mwenyewe anasema "Jumamosi usichukue zamu kuna watu wanakuja kwa mama," kama vile watu wenyewe wanakuja kusoma mita. Kwenye picha niko pembeni na dera langu la kijani. Mpaka leo kuna watu wananiuliza huyu wa kijani ni jirani?

Sasa mtu kuniuliza nimejua lini wakati yeye ndo mwenye habari na hajanipa, hiyo ni haki kweli? Nilipaswa kumjibu hivyo. Nimeshamjibu mara nyingi sana, jikoni kwangu, nikiwa peke yangu.

Halafu sio kweli kwamba ya dunia ni yangu mimi tu. Mwezi huu ulivyoanza tu, tarehe 1, siku moja hiyo Kampala wanasaini uamuzi wa mwisho wa kujenga bomba la mafuta linaloishia kwetu hapa Tanga, Chongoleani, Dodoma wanamchagua Dk. Tulia kuwa Spika, Guinea-Bissau risasi zinarindima kwa rais, na jioni yake kule Morocco mtoto wa miaka mitano, Rayan, akatumbukia kwenye kisima chembamba cha mita 32. Nani aliyekuwa ananipigia kila nikitoka zamu kuniuliza "wameshamtoa?" Mama. Bomba hakuliuliza, Spika hakumuuliza. Mtoto tu. Siku zile walipokuwa wanachimba mlima pembeni ili wamfikie kwa ubavu, mama alikuwa hali chakula cha usiku vizuri. Tarehe 5 walipomtoa akiwa ameshafariki mi ndo nilimwambia, na akakaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Kimbunga Batsirai kilipiga Madagascar usiku huohuo, kesho yake Senegal wakachukua AFCON kwa penalti, baba watoto anaruka sebuleni kwa sababu Mané alikosa ya mwanzo akafunga ya mwisho, mi wala sikuwepo akilini. Kwa hiyo ya dunia tulikuwa tunayajua wote, mama, tukiyalia pamoja.

Mwezi wenyewe huu wa Februari kazini nimeuona mrefu. Kila siku ni Ukraine, mpaka wenzangu wa michezo wanaiita vita yako. Tarehe 11 Wamarekani wakasema Urusi inaweza kuingia siku yoyote, hata kabla Olimpiki ya Beijing haijaisha, raia wao waondoke ndani ya saa 48. Ikaja tarehe kabisa, 16, imetajwa kwenye vyombo vya habari kama tarehe ya mtihani. Zelensky akaifanya siku ya umoja, watu wapandishe bendera. Tarehe 16 ikaja, bendera zikapanda, ikapita. Siku hiyo sisi habari ya kwanza ilikuwa Mama Samia kukutana na Tundu Lissu Brussels, na mhariri wangu akapita mezani kwangu akaniuliza kwa sauti ya kusikika, "Vipi, vita yako imeahirishwa?" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje. Ijumaa yake dhoruba Eunice ikapiga Uingereza, nchi ya watu inaezuliwa mapaa na sisi tumekaa kwenye kompyuta tunaangalia ndege zinavyoyumba zikitua Heathrow kama watu wa bendi.

Jumapili sasa, yule bibi harusi mtarajiwa akanipigia mwenyewe. Sauti ya kubembeleza. Anasema dada usikasirike, ilikuwa hivi, mama ndo alisema tusikwambie mapema. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka kidogo, akasema, "Si unajua wewe redio."

Wewe redio.

Yaani miaka yote hii nasoma habari za marais na mafuriko, hakuna hata siku moja nimetoa neno la nyumba ile nje ya nyumba ile, hata ile ya kiwanja sikuisema, na hii ya kiwanja naiandika hivi tu hamuelewi na hamtaelewa. Ndo nimeshapewa jina. Kumbe kwao mtu anayesoma taarifa ya habari ni mdomo umeachwa wazi. Jumatatu sikumwongelesha baba watoto isipokuwa kuhusu gesi.

Haya, sasa Jumanne. Zamu ya alfajiri. Usiku Putin alikuwa ameshatambua Donetsk na Luhansk za mashariki mwa Ukraine kuwa nchi na kuamuru majeshi yaende huko eti kulinda amani, na New York Baraza la Usalama limeitwa usiku wao, kwetu ni saa kumi na moja hivi, niko na chai ya rangi na macho mazito. Nikasikia anazungumza balozi wa Kenya, Martin Kimani. Nilikuwa naandika kwa mazoea tu, halafu mkono ukaanza kwenda mbio. Anasema mipaka yetu hatukuichora sisi, imechorwa London, Paris na Lisbon bila kujali mataifa ya kale waliyoyakata, na leo ng'ambo ya mpaka wa kila nchi ya Afrika wapo ndugu zetu wa historia moja na lugha moja. Na lau siku ya uhuru tungetaka kila nchi iwe ya watu wa aina moja, mpaka leo tungekuwa vitani. Tukaichukua mipaka tuliyoikuta na kutafuta umoja juu yake, sio kwa kuwa tunaipenda, bali kwa kuwa tulitaka kitu kikubwa zaidi. Hakuwaachia na wale wakubwa wengine, aliwagusa pia kwa kudharau sheria za kimataifa.

Nilisisimka jamani. Nimetafsiri hotuba ngapi za umoja huu na umoja ule, maneno makavu, na hapa kuna mtu anaongea habari ya mpaka wetu na Kenya, Horohoro na Lungalunga, ndani ya ukumbi ule bila kuzitaja. Nikaitafsiri yote, kwa raha zangu, nikatafuta maneno mazuri, mhariri akaja akaikata ikabaki fupi kwa sababu mafuta yanakaribia dola 100 kwa pipa na hilo ndo watu wanataka, akaniachia na mstari mmoja wa daktari Paul Farmer aliyefia Rwanda. Sikuumia. Niliitunza yangu ndefu.

Jioni nikapita kwa mama, nina sufuria yake. Nilikuwa nimejiandaa kuwa baridi, nisalimie, niweke, niondoke. Nikamkuta peke yake barazani anapunga upepo, akasema kaa, nikakaa, na sijui ilikuwaje nikatoa simu nikamsomea hotuba. Mama ni Mdigo wa Vanga, upande wa Kenya, dada zake wawili wameolewa Moa upande huu, babu yao mmoja. Akasikiliza yote, akasema wao utotoni walikuwa wanakwenda Moa kwa mashua kula harusi na kurudi, mpaka wenyewe wa baharini hakuuonyesha mtu. Halafu akaniuliza, "Na huyo Mrusi kajibu nini?"

Nikamwambia hajajibu la maana.

"Atapigana?"

"Wamarekani wanasema atapigana. Walitoa na tarehe, ikapita."

Basi hapo mama akanigeukia mzima mzima. Akasema hao Wamarekani hawana watu wazima? Jambo unalinadi na tarehe, kila mtu anajua, likikawia wewe ndo muongo, na siku likija kweli hakuna anayeinuka. Kwake yeye jambo, liwe la kheri liwe la shari, linakaa ndani mpaka liwe limekuwa. Posa inaharibika barabarani kwa macho ya watu, anawajua waliorudishiwa mahari sebuleni wageni wanakunywa juisi. Nikajua tunaongelea nini. Sikumwachia, nikamwambia, "Lakini mama, mwenzio anaona shari inakuja kwa jirani, anyamaze? Wale Wamarekani labda wanasema ili yule aone haya asije."

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Akasema, "Mtu mwenye kuona haya hakai meza ile."

Nilicheka mpaka machozi, na yeye akacheka, kumbe meza alikuwa ameisikia vizuri sana siku ile na mbuzi yake. Nikataka nimuulize ya sare hapohapo, mdomo umeshafunguka, akawahi yeye. "Kitenge chako kipo kabatini. Nilikuwekea. Kashone, nikahi mwezi wa sita, na hilo usilitoe." Nimelitoa kwenu lakini ninyi si watu wa Tanga, na wa Tanga mnaosoma mtanyamaza.

Sasa nina kitenge, nina tarehe nzima ya ndani, nilipaswa kulala usingizi. Ila wakati naondoka nilimuuliza kwa utani, haya mama, vita ikitokea bila mtu kusema je? Akasema, "Utasema wewe, si ndo kazi uliyosomea." Naigeuza hiyo nayo. Kuna heshima ndani yake au ni ehe nyingine?

Leo Ukraine wameanza mambo ya hali ya hatari nchi nzima, Wajerumani tangu jana wamesimamisha lile bomba la gesi ya Urusi, Nord Stream 2, taarifa ya usiku kaisoma mwenzangu, mi sijaifuata sana maana mdogo ana mafua na uniform yake bado mbichi kwenye kamba na mvua inanyemelea.

Kinachonitia wasiwasi usiku huu ni bodaboda. Kesho Alhamisi niko alfajiri tena, natakiwa niwe mezani saa kumi na nusu, na dereva wangu wa siku zote simu yake tangu jana inaita haipokelewi, kijiweni wanasema kaenda Muheza kwa msiba, wengine wanasema pikipiki imechukuliwa na mwenyewe. Baba watoto anasema chukua baiskeli, yeye hajui giza la njia ile lina mbwa. Kama kuna mtu upande wa Makorora ana namba ya dereva mwaminifu anayeamka mapema anitumie sasa hivi, nitalipa hata elfu tatu.