Fedha za Lami Zipo, za Kuhesabu Abiria Hakuna

Ingia kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri useme unaomba fedha za lami, wajumbe wote watakaa sawa kwenye viti. Sema unaomba fedha za kuhesabu abiria wa daladala, utaulizwa kama hiyo nayo ni kazi. Mimi nimeulizwa hivyo, na aliyeuliza alikuwa anapiga miayo.

Mimi ni afisa mipango miji katika halmashauri ambayo sitaitaja, maana mshahara bado nauhitaji. Kila mwaka nikiandaa andiko la usafiri wa umma nagundua kitu kile kile: kuna wa kutukopesha mabilioni ya kujenga, ila anayetoa vimilioni vya kujua tujenge nini, wapi na kwa ajili ya nani, ni wa kutafuta kwa tochi. Na akipatikana, anatoka mbali.

Mwendokasi wa Dar, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ni mfano mzuri, kwa uzuri wake na ubaya wake. Watu wanakumbuka magreda ya Morogoro Road, lakini mambo yalianzia kwenye makaratasi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilikuwa imeshazindua mwendokasi wake, TransMilenio, mwaka 2000, na kila jiji lenye foleni lilitaka kuiga. Meya wa Dar wakati huo, Kleist Sykes, aliibeba hoja. ITDP, shirika la Marekani linalojishughulisha na usafiri wa mijini, likaja kusaidia. Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, ukatoa fedha kupitia UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, katika mradi ambao Dar iliwekwa kapu moja na Cartagena ya Kolombia. Na fedha hizo zilitolewa kwa ajili ya kupunguza gesi joto. Foleni ya Ubungo haikuwa hoja yao, wala yule abiria anayepanda kwa dirishani pale Kariakoo. Ndivyo misaada ya kupanga inavyokwenda: fedha hutoka kwa jina la shida ya mtoaji, na wewe mwombaji unajipenyeza na shida yako humo humo. Sioni ubaya wa hilo, mradi ukumbuke shida yako ni ipi.

Baadaye Benki ya Dunia ikaingia na usanifu ukafanywa na Logit, kampuni ya ushauri kutoka Brazil. Wakala wa DART, unaosimamia mwendokasi, ukaanzishwa 2007. Mwaka 2008 JICA, shirika la misaada la Japani, nao wakatoa mpango kabambe wa usafiri wa jiji zima. Ujenzi ukaanza 2012, na abiria wa kwanza wakapanda Mei 2016: kilomita 20.9, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Zaidi ya miaka kumi kutoka wazo hadi basi. Diwani wa miaka mitano hawezi kuwa na subira hiyo, na simlaumu.

Nimewahi kuwa upande wa pili wa makaratasi hayo. Nikiwa chuoni nilipata kibarua cha kuhesabu abiria kwenye utafiti mmoja wa usafiri. Unapewa ubao, fomu, kalamu mbili na kofia. Unasimama kandokando ya barabara, na gari likipita una sekunde tatu hivi za kuamua limejaa kiasi gani. Hakuna anayehesabu vichwa. Kuna namba za kukadiria. Moja, gari tupu. Mbili, nusu ya viti. Tatu, viti vyote. Nne, watu wamesimama. Tano, wamebanana mpaka mlangoni. Sita, konda mwenyewe yuko nje ananing'inia. Vipanya vya Mbagala vilikuwa sita kuanzia asubuhi. Ungeweza kujaza fomu umefumba macho. Makonda walidhani sisi ni wa serikali tunaoandika faini. Mmoja akanipigia kelele, "Dada, andika tumejaa! Watuongezee gari!" Wa nyuma yake akaziba namba ya gari kwa kitambaa.

Sasa sikiliza. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi, zilisema tuhesabu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Saa kumi alfajiri, wakati sisi tumelala, kina mama wanaokwenda Feri kununua samaki wa kukaanga wako kituoni na ndoo zao. Wafagia barabara wako kituoni. Walinzi wanaotoka lindo wako kituoni. Hawa wote hawakuingia kwenye fomu yangu, na asiyeingia kwenye fomu haingii kwenye ratiba. Nilimwuliza msimamizi wetu kwa nini tusianze mapema. Akasema bajeti ya posho ni ya saa kumi na mbili, basi. Alikuwa mtu mwema, na jibu lake lilikuwa la kweli kabisa. Mistari miwili kwenye bajeti ya utafiti iliamua nani ni abiria wa Dar es Salaam na nani si abiria.

Kwa hiyo mtu akiniambia fedha za kupanga ni za kula posho hotelini, simkatalii moja kwa moja, semina hizo zipo na biskuti zake nazijua. Lakini tazama gharama ya kupanga nusunusu. Karakana ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha, bonde linadai eneo lake. Mafuriko ya 2018 yaliharibu mabasi pale ndani, na hata leo mvua ikizidi, huduma ya kwenda mjini husimama. Mzaramo yeyote mzee angekwambia Jangwani panajaa maji, bila kumlipa dola moja. Tena huduma ilianza na mabasi 140 wakati mpango ulitaka 305. Foleni za Kimara mnazozilaani kila siku zinaanzia hapo pia.

Marekani wana utaratibu ambao ninauonea wivu. Eneo la mji likifikisha watu 50,000, sheria inalitaka liwe na chombo cha kupanga usafiri, na serikali kuu inachangia kupanga huko kwa asilimia 80. Zinazobaki wanatafuta wenyewe. Mabasi yao mengi hayajai, hilo tuliache. Ninachopenda ni kwamba fedha zinakuja kila mwaka, kama mshahara, bila kusubiri mradi. Hesabu ya mwaka huu inalinganishwa na ya mwaka jana. Kwetu hesabu hufanywa mfadhili akija, takwimu zinaondoka kwenye kompyuta ya mtaalamu mshauri, halmashauri inabaki na ripoti nene inayozuia mlango usifungwe na upepo.

Nairobi walipata njia ya katikati. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, vyuo vya Marekani, walipanda matatu, daladala za kule, wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia zaidi ya 130 na vituo vyake. Rockefeller Foundation walisaidia fedha. Mwaka 2014 ramani ikatoka, na takwimu zikawekwa wazi kwa yeyote. Kilichonivutia zaidi ni ile ramani, iliyochorwa kwa mistari ya rangi kama ya treni za Ulaya, na watu wa matatu wakajiona humo. Kazi ya aina hiyo halmashauri inaweza kuiombea msaada bila kungoja mkopo wa reli.

Sasa kwetu nani apange? Tangu 2017 barabara za wilaya ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Leseni za njia za daladala ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Halmashauri tumebaki na stendi, ushuru wa stendi na lawama. Hata hivyo hiyo stendi ni mali, kwa sababu mashine ya POS ya kukusanyia ushuru inajua gari ngapi zimeingia, saa ngapi, siku gani. Hesabu ya magari tunayo tayari. Iko kwa mhasibu, na hakuna aliyewahi kuiomba kwa ajili ya kupanga. Nilipoiomba mimi nilitazamwa kama mkaguzi. Niliipata baada ya kuahidi kwa maandishi kwamba sitagusa safu ya mapato.

Andiko langu la mwaka huu nimelianzia hapo. Sikuomba upembuzi yakinifu, neno hilo likiingia tu bei inapanda mara kumi. Nimeomba vijana wa chuo, simu, vocha za intaneti, maji ya kunywa, na posho ya kuanzia saa kumi alfajiri. Nimeomba wahesabu waenda kwa miguu na bodaboda pia, kwa sababu barabara yetu kuu kila asubuhi ina watu wengi wanaotembea kuliko waliomo kwenye magari, na hakuna karatasi hata moja ya serikali inayosema hivyo. Nimeandika pia kwamba takwimu zibaki halmashauri, kwenye faili linalofunguka, si kwenye picha ya PDF. Sharti hilo liingie kwenye mkataba wa kila mfadhili, hata akija na zawadi. Akikataa, tujue amekuja kuchukua.

Kamati ya fedha imelipeleka mbele andiko, limepunguzwa nusu. Wameondoa maji ya kunywa na simu, wameacha posho ya alfajiri, jambo ambalo sikulitegemea. Nasikia mjumbe mmoja mama yake aliuza samaki. Simu tutatumia za kwetu.

Fomu ya kuhesabia nimeichora upya, ina safu ya ndoo na mizigo. Kama uko halmashauri yoyote na una stendi yenye mashine ya POS, niandikie nikutumie, na unitumie ya kwenu nione mnakadiriaje gari lililojaa.