Armadilo asianzie kwenye gamba

Leo nimewaeleza watoto habari za armadilo, na nimezidi kuamini kwamba mnyama huyu asitambulishwe kwa gamba lake. Mtoto akishaliona gamba, hasikii tena lingine. Anataka tu kumwona mnyama akijikunja awe kama mpira, ilhali katika spishi zipatazo 20, zote za mabara ya Amerika, ni mbili tu, zile zenye mikanda mitatu ya gamba mgongoni, ziwezazo kujifunga kabisa namna hiyo.

Kwa hiyo nilianza na pua. Armadilo wa mikanda tisa, apatikanaye kuanzia Amerika Kusini hadi Marekani, haoni vizuri, lakini huwanusa wadudu waliojificha ardhini, akafukua kwa makucha yake na kuwazoa kwa ulimi mrefu unaonata. Niliwafunga watoto vitambaa machoni wakatafuta kipande cha sabuni kwa kunusa, wakitambaa sakafuni na kuvuta pumzi kwa kelele, jambo ambalo armadilo naye hufanya awapo mawindoni.

Mmoja aliuliza kama huyu si kakakuona. Nilimjibu kwamba magamba ya kakakuona yameumbwa kwa kitu kilekile kinachounda kucha zetu, ilhali ngao ya armadilo ni vibamba vya mfupa vilivyofunikwa kwa tabaka gumu. Ngao hiyo ni nzito, na ndipo hadithi ya mto ilipowakolea: penye kijito chembamba huzuia pumzi akatembea chini kwa chini hadi ng'ambo, na penye maji mapana humeza hewa tumbo lijae, akaelea na kuogelea.

Kuhusu uzazi nilisema machache, kwamba jike wa mikanda tisa kwa kawaida huzaa watoto wanne kutokana na yai moja, wote wa jinsia moja, wakiwa na gamba laini. Swali likaja papo hapo: je, wao wenyewe hujuana nani ni nani?

Nilisita kidogo kabla ya kueleza kwamba armadilo huyu akishtuka huruka juu wima, mbinu inayomduwaza adui lakini inayomgongesha kwenye uvungu wa gari ambalo pengine lingempita salama. Wapo wazazi ambao wangelificha hilo. Mimi nililisema, na maswali yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko yote ya gamba.