Nilivyoiacha Grande na kusaka Probox ambayo haikuwahi kuwa mchomoko

Grande yangu haikufa. Ingekufa ningeamua mapema. Ni Toyota Mark II GX100, namba A (usajili wa zamani), na kwa miaka tisa imenipeleka Sikonge na kunirudisha Tabora bila kunilaza porini hata siku moja. Asubuhi inawaka kwa ufunguo mmoja, kiti chake kama kochi la sebuleni. Ugonjwa wake ni kunywa. Chini ya boneti mna injini ya 1G ya lita 2.0, silinda sita, nami wala sibebi mabosi. Nabeba ndoo za asali.

Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji. Ndoo kumi ni kilo 280, yaani watu wazima wanne walioshiba. Hesabu hii niliibeba kichwani muda wote wa kutafuta gari, na ndiyo iliyoniokoa na mengi.

Kabla ya kuanza kutamani magari ya watu nilinunua daftari. Mdogo wangu alinicheka. Nikawa najaza mafuta sheli ileile, pampu ileile, mpaka ijikate yenyewe. Naandika kilomita, natembea, narudi kujaza tena mpaka ijikate, halafu nagawanya. Mara ya kwanza nilipata kilomita 412 kwa lita 54, yaani 7.6 kwa lita. Nikampelekea fundi wangu wa Cheyo lile daftari. Akabadilisha plagi zote sita, akasafisha njia ya hewa, kisha akagundua breki ya nyuma kulia ilikuwa inashika kidogo kidogo bila mimi kujua. Nikapima tena: 8.7.

Nikiri hapo nilikaribia kughairi. Sehemu ya kiu ya Grande lilikuwa kosa langu. Lakini natembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Kwa 8.7 hizo ni lita 138. Kwa gari la kilomita 14 kwa lita ni lita 86. Lita 52 kila mwezi! Na petroli ya huku si ya Dar. EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, inapotoa bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi nasoma mstari wa Tabora tu, maana juu ya bei ya bandarini kuna nauli ya kuyaleta mafuta mpaka huku. Tena belti ya taiming ya Grande ilikuwa imekaribia kubadilishwa na shokapu za nyuma zilishalala. Nikaweka pembeni milioni 12, nikatangaza kwamba natafuta gari.

Kila mtu ana gari lake la kukushauri. Mdogo wangu alitaka Passo ya lita 1.0, silinda tatu, kwamba yenyewe mafuta inanusa tu. Kweli inanusa. Tuliazima ya jirani pale Isevya tukapakia ndoo sita, ikakaa chini nyuma kama kuku anayetaga. Tukazishusha. IST nusura niichukue. Spea zake zimejaa kila duka, injini ni ya 1.3 au 1.5, na haina belti ya kubadilisha, inatumia cheni. Ila kwa kuwa kila mtu anaitaka, bei yake ina chumvi, na ndoo kumi ndani yake zinapangwa kwa kubembelezana.

Fundi ndiye aliyenifungua macho. "Mama, wewe tafuta Probox ya 1.5. Injini ni ileile 1NZ ya IST, ukikwama spea za IST zinaingia. Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya mizigo." Viti vya nyuma vikilazwa, sakafu inakuwa kama meza.

Tatizo ni kwamba jambo hilo wenye michomoko, yale magari madogo ya kubeba abiria, walilijua zamani kuliko mimi. Probox nyingi zinazouzwa mikoa yetu hii zimeshapakia abiria wanne kiti cha nyuma, wawili mbele na dereva, na wengine kwenye buti pamoja na kuku, miaka na miaka. Dalali wa kwanza alinionyesha moja iliyopigwa rangi mpya inang'aa kama sahani ya harusi. "Ilikuwa ya mama mmoja nesi, anaenda nayo kazini tu." Fundi akainama, akaniita. Raba za pedali zilikuwa zimelika mpaka chuma kinaonekana. Kitambaa cha dari juu ya buti kimechubuka, nani alikuwa anakigusa kwa kichwa kule nyuma? Dashibodi inasoma kilomita 71,000. Nikaomba kadi ya gari. Matumizi: biashara. Namba ya njano, ya magari binafsi, ilikuwa imefungwa juu ya gari ambalo kwa kadi yake lilipaswa kuwa na namba nyeupe. Huyo nesi alikuwa na wagonjwa wengi sana.

Niliona nne za namna hiyo. Sizisimulii, zinafanana.

Nikafikiria kuagiza Japani. Nikakaa na kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, jioni nzima. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kwa kuwa toleo la kwanza la Probox lote limeshavuka miaka kumi, linabeba na ushuru wa uchakavu juu yake. Nilipomaliza, kodi ilikuwa inakaribiana na bei ya gari lenyewe, na bado sijalipa wakala wa bandarini wala dereva wa kunitolea gari Dar. Nikafunga simu nikalala.

Gari lilikuja kwa njia ya asali. Mteja wangu mmoja alitaja kwamba mwalimu mstaafu kule Nzega anauza Probox yake aliyokuwa anaendea shambani kwenye mpunga. Namba D, ya mwaka 2006, bei milioni 13. Nikamwomba kwa simu jambo moja tu: asiiwashe mpaka tufike.

Tulifika saa mbili asubuhi. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, karibuni, nimeshaiwasha ili ipate moto." Fundi akaweka kiganja juu ya boneti, akaniangalia. Kisha akasema kwa adabu zote kwamba tutaomba chai. Tulikunywa chai kwa muda wa saa mbili na nusu nzima tukiongelea bei ya mchele. Injini iliyopoa haifichi kitu. Ikiwashwa ya baridi ndipo utasikia cheni ikilia na kuona moshi wa bluu kama upo. Haukuwepo. Akafungua rejeta ikiwa bado ya baridi, maji masafi, hayana mafuta juu. Akakanyaga breki akaweka D, akaweka R: haikuruka. Ila oili ya gia ilikuwa nyeusi, bushi za mbele zimekufa na AC inapuliza hewa ya Nzega kama ilivyo.

Dashibodi ilisoma kilomita 143,000. Nilifurahi. Gari la umri ule likisoma 60,000 mimi nashika pochi yangu. Pedali zilikubaliana na hiyo namba.

Tukalinganisha namba ya chasisi na kadi, herufi kwa herufi. Jina kwenye kadi ni lake mwenyewe, matumizi binafsi. Nikaangalia madeni ya trafiki kwenye simu: faini mbili za 30,000. Mzee akashtuka, kumbe kijana wake ndiye aliyekuwa anaenda mbio. Alilipa palepale na nikasikia simu ya kijana ikipigwa. Tukashuka mpaka milioni 11.6 kwa sababu ya bushi na gia. Sikumpa hela taslimu. Tulikwenda pamoja benki, kisha tukaanza kubadilisha jina TRA kabla sijageuza gari kuelekea nyumbani.

Bushi na oili ya gia vilikula laki tatu na kidogo. Grande nilimuuzia kijana wa Ng'ambo anayezipenda hizo gari, ameshaibadilishia rimu na kila akinipita anapiga honi.

Daftari nimelihamishia kwenye Probox. Lami ya Sikonge na ndoo kumi: 14.2 kwa lita. Nikiingia vijijini baada ya Ipole wakati wa mvua inashuka mpaka 11, na kiti kigumu kinanikumbusha Grande kila shimo. Mlango wa nyuma unagongagonga nikiwa sina mzigo. Fundi anasema ni lachi tu, lakini nikishapakia asali haugongi, kwa hiyo bado sijampelekea.